Dawa za kichwa za kaunta: ipi inamfaa mwenye kipandauso, na ipi inamrudisha palepale

Ukifika duka la dawa ukasema "nipe dawa ya kichwa", mara nyingi muuzaji hakuulizi ni kichwa gani. Anakata vidonge viwili kwa mkasi, anavitia kwenye kibahasha, unalipa, unaondoka. Kwa kichwa cha uchovu wa siku moja hilo halina neno. Kwa mwenye kipandauso, hapo ndipo shida zake nyingi zinapoanzia. Hajui amepewa nini, hajui ni miligramu ngapi, anavimeza maumivu yakiwa yameshapamba moto, na wiki ijayo anarudi kununua vingine.

Tathmini hii inapitia dawa ambazo mtu anakutana nazo kwenye maduka ya dawa ya Tanzania na Kenya. Kipimo ni kimoja: dawa hii inafanya nini kwa kipandauso, wala si kwa "maumivu" kwa ujumla. Zipo dawa nzuri za mgongo ambazo kwa kipandauso hazina maana, na ipo aspirini ya bei ya chini kabisa ambayo watu wanaipita tu wakitafuta kitu chenye boksi linalong'aa.

Kabla ya kutoa hela

Hakikisha unatibu kipandauso. Shambulio lake lisipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Maumivu yana tabia nne: hukaa upande mmoja wa kichwa, hudunda kama mapigo ya moyo, huwa makali ya wastani au makali sana, na huzidi mtu akipanda ngazi au akiinama kufunga kamba za viatu. Mbili kati ya hizo zinatosha. Pamoja nazo lazima kuwe na kichefuchefu au kutapika, au basi mtu awe anakimbia mwanga na kelele kwa pamoja. Yakishatokea mashambulio matano ya namna hiyo, na hakuna ugonjwa mwingine unaoyaeleza, jina lake ni kipandauso.

Wapo ambao hutanguliwa na ishara. Wanaona miale ya zigizaga pembeni mwa jicho, doa linalopanuka taratibu, au ganzi inayopanda kutoka vidoleni hadi mdomoni. Ishara hiyo huchukua dakika 5 hadi 60, kisha maumivu hufuata. Kinachotokea ni wimbi linalosafiri juu ya gamba la ubongo kwa mwendo wa milimita chache kwa dakika, likizima shughuli za seli linapopita. Mtafiti wa Brazil, Aristides Leão, alilieleza wimbi hilo mwaka 1944. Ndiyo maana ganzi hupanda polepole. Ganzi inayoshuka mwili upande mmoja kwa ghafla, yote kwa mkupuo, ni jambo jingine kabisa, na hiyo ni ya kukimbizwa hospitali.

Usinunue dawa ya kichwa, nenda kapimwe, kama kichwa kimelipuka na kufikia kilele ndani ya dakika moja. Kama kuna homa na shingo imekakamaa. Kama kichwa cha aina hii kimeanza baada ya umri wa miaka 50. Kama mtu anaishi na VVU na kichwa ni kipya kwake. Kama ni mjamzito aliyevuka wiki 20, kwa sababu kichwa kikali kinaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba. Au kama mtu alianguka au kugongwa kichwani. Na kwetu huku, kichwa chenye homa kinapimwa malaria kwanza. Kipandauso chenyewe hakiletei mtu homa.

Halafu kuna suala la "sainasi". Watu wengi walioambiwa wana sainasi kwa miaka, wakala antibayotiki kozi baada ya kozi, kwa kweli wana kipandauso. Mshipa wa fahamu unaohusika na kipandauso ndio huohuo unaohudumia macho na pua, kwa hiyo wakati wa shambulio jicho linaweza kutoa machozi na pua ikaziba. Kamasi nzito ya kijani au njano pamoja na homa huelekea sainasi ya kweli. Pua iliyoziba pamoja na kukimbia mwanga huelekea kipandauso.

Parasetamoli ya kawaida

Ndiyo ya kwanza kutajwa na ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote kwenye orodha hii. Mapitio ya Cochrane, yanayokusanya majaribio mengi na kuyapima kwa pamoja, yana namna nzuri ya kulionyesha hilo: ni watu wangapi watumie dawa ili mmoja zaidi, kuliko ambao wangepona kwa kidonge kisicho na dawa, awe hana maumivu kabisa baada ya saa mbili? Kwa parasetamoli ya miligramu 1000 jibu ni watu 12. Kwa aspirini ya miligramu 900 au 1000 ni kama 8. Kwa ibuprofeni ya miligramu 400 ni 7. Namba inavyopungua ndivyo dawa inavyokuwa bora.

Hata hivyo parasetamoli ina nafasi yake, na kwa baadhi ya watu ndiyo ya kwanza bila mjadala: mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye matatizo ya figo, na mtu yeyote anayeshukiwa kuwa na dengue. Kosa la kawaida ni kiasi. Mtu mzima anameza kidonge kimoja cha miligramu 500, anasubiri, hapati nafuu, anahitimisha kwamba "Panadol hainishiki". Dozi ya kipandauso kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 na kuendelea ni vidonge viwili kwa pamoja, yaani miligramu 1000, na si zaidi ya vidonge vinane ndani ya saa 24. Mtoto hupewa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo.

Panadol Extra na nyingine zenye kafeini

Hapa pana mengi ya kusema, maana ndiyo inayopendwa na ndiyo inayowageuka watu.

Geuza ukanda wa vidonge uusome upande wa karatasi ya fedha. Panadol Extra imeandikwa Paracetamol 500 mg, Caffeine 65 mg. Ukimeza viwili umepata miligramu 1000 za parasetamoli na miligramu 130 za kafeini. Kikombe kikubwa cha kahawa huwa na kama miligramu 95, na kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80. Kwa hiyo dozi moja ya dawa hii ina kafeini nyingi kuliko kikombe cha kahawa.

Kafeini haikuwekwa pale kwa ajili ya kuchangamsha. Inaongeza nguvu ya dawa ya maumivu, na faida hiyo huonekana kafeini ikifika miligramu 100 hivi. Ndiyo sababu kidonge kimoja hakitoshi na viwili vinatosha. Kwa shambulio la mara moja moja, asubuhi au mchana, hii ni dawa bora kuliko parasetamoli tupu. Tunaipa alama nzuri kwa matumizi hayo, siku moja au mbili kwa mwezi.

Shida ni matumizi mengine mawili. La kwanza ni la usiku. Mtu anameza viwili saa mbili usiku, maumivu yanatulia, usingizi hauji. Anapata saa nne za usingizi, na kukosa usingizi ni kichochezi kikubwa cha kipandauso. Asubuhi kichwa kimerudi, anameza viwili tena. Dawa imefanya kazi yake na wakati huohuo imeandaa shambulio la kesho.

La pili ni la kila siku. Ubongo ukizoea kafeini ukainyimwa, kati ya saa 12 na 24 baadaye kichwa huanza kuuma, na hali hiyo inaweza kuendelea siku mbili hadi tisa. Mtu anaamini ugonjwa wake umezidi, kumbe ni mwili unadai kafeini. Anakunywa dawa yenye kafeini, kichwa kinapoa, na hapo anapata "ushahidi" kwamba dawa ile ndiyo pekee inayomfaa. Zipo dawa nyingine za kichwa zenye mchanganyiko wa aspirini, parasetamoli na kafeini. Hesabu yake ni ileile. Soma karatasi. Ukiona neno Caffeine, jua unanunua vitu viwili kwa pamoja.

Aspirini

Ya bei nafuu, ya zamani, na inayodharauliwa pasipo sababu. Kwa kiasi sahihi inakaribia sana sumatriptani, ambayo ni dawa maalumu ya kipandauso. Kiasi sahihi ni miligramu 900, yaani vidonge vitatu vya miligramu 300 kwa mkupuo. Zile ndogo za miligramu 75 ni za wagonjwa wa moyo. Ungelazimika kumeza 12, na hakuna anayefanya hivyo. Ukipata ya kuyeyusha kwenye maji, ichukue hiyo. Itie kwenye nusu glasi, subiri povu lishuke na chembe nyeupe zipotee, kunywa yote, kisha suuza glasi kwa maji kidogo unywe na masalia. Inafika kwenye damu mapema kuliko kidonge kizima, na kwa kipandauso dakika 20 za mapema zina thamani kubwa.

Wasiopewa: mtoto wa chini ya miaka 16, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye pumu inayoamshwa na dawa za jamii ya aspirini na ibuprofeni, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mjamzito. Na dengue. Dar es Salaam imeshapitia milipuko ya dengue, ukiwemo wa 2014 na ule wa 2019, na dengue huanza kwa homa na maumivu makali ya kichwa nyuma ya macho. Aspirini au ibuprofeni kwa mgonjwa wa dengue zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Kama kuna homa, acha zote mbili, tumia parasetamoli mpaka vipimo vitoke.

Ibuprofeni

Kama mtu mzima hana kizuizi chochote na anataka dawa moja ya kuweka kwenye mkoba, hii ndiyo chaguo letu. Miligramu 400 kwa mara moja. Madukani kuna vidonge vya 200 na vya 400, vyote watu huviita Brufen bila kujali kiwanda, kwa hiyo uliza namba kabla hujalipa. Aliyezoea viwili vya 200 akipewa viwili vya 400 amezidisha bila kujua, na aliyezoea kimoja cha 400 akipewa kimoja cha 200 atarudi kusema dawa ni feki. Bila ushauri wa daktari usivuke miligramu 1200 kwa siku.

Imezwe na kitu tumboni, lakini usingoje chakula kiive. Ndizi moja, nusu kikombe cha uji au maziwa yanatosha. Vizuizi vinafanana na vya aspirini, ongeza hapo ugonjwa wa figo na baadhi ya dawa za presha. Mtoto anaweza kupewa, miligramu 10 kwa kila kilo. Mjamzito aikwepe, hasa kuanzia wiki ya 20.

Diklofenaki na vidonge vya mseto

Diklofenaki inafaa kwa kipandauso, ila kwenye ukanda kuna neno dogo linalobadilisha kila kitu. Ikiandikwa Diclofenac Potassium, miligramu 50, huyeyuka haraka. Ikiandikwa Diclofenac Sodium, mara nyingi ina ganda linalozuia isiyeyuke mpaka ipite tumbo la chakula. Hiyo ya pili imetengenezwa kwa ajili ya viungo na mgongo, na kwa kipandauso inachelewa mno. Wengi wanaosema diklofenaki haikuwasaidia walipewa ya sodium.

Vidonge vya mseto wa diklofenaki na parasetamoli vimeenea sana, na hatuvipendekezi kama dawa ya kujinunulia. Anayevimeza akaongeza Panadol pembeni anarudia parasetamoli. Akiongeza Brufen anarudia dawa ya jamii moja na diklofenaki, na tumbo na figo ndizo zinazolipa. Kama muuzaji anakata vidonge kwa mkasi, omba akuonyeshe ukanda mzima kwanza. Tarehe ya mwisho wa matumizi hupigwa kwenye ncha moja ya ukanda, na ncha hiyo ikishakatwa, vidonge vilivyobaki havina umri wala jina.

Tramadoli, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, haina nafasi kwenye kipandauso. Inajenga utegemezi na inageuza kipandauso cha mara chache kuwa cha kila siku.

Ergotamini

Cafergot, yenye miligramu 1 ya ergotamini na miligramu 100 za kafeini, ni dawa ya kizamani ambayo bado inatajwa. Ergotamini hubana mishipa ya damu. Onyo lake kubwa linahusu eneo letu hasa: haichanganywi kamwe na ritonavir, dawa iliyomo kwenye baadhi ya mipango ya pili ya ARV, wala na erithromaisini au klarithromaisini. Dawa hizo huzuia ini kuivunja ergotamini, inajaa mwilini, na mishipa ya mikono na miguu inaweza kubana hadi vidole vikafa. Mwenye kutumia ARV, au aliye kwenye dozi ya antibayotiki, aseme hilo kabla hajaandikiwa chochote cha kipandauso.

Sumatriptani

Hii haikutengenezwa kutuliza kila aina ya maumivu. Inalenga njia ya kipandauso yenyewe. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, kidonge cha miligramu 50. Hupatikana zaidi kwenye famasi kubwa za mijini, na inahitaji cheti cha daktari. Kwa kipimo kile cha Cochrane, miligramu 50 inapata 6.

Kwa mtu ambaye aspirini au ibuprofeni ya dozi kamili imeshindwa mara tatu, hii inastahili gharama yake. Imezwe maumivu yanapoanza, siyo wakati wa miale na ganzi. Kama yakiondoka kisha yakarudi, kidonge cha pili kinaruhusiwa baada ya saa mbili. Kama cha kwanza hakikufanya kitu kabisa, cha pili kwa shambulio hilohilo hakitafanya pia. Tumia dawa ya jamii nyingine. Usivuke miligramu 200 kwa saa 24. Uzito kifuani au shingoni na kuhisi vijisindano ni madhara yanayojulikana na hupita. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa haruhusiwi kabisa.

Dawa nzuri inashindwaje

Wakati wa shambulio la kipandauso tumbo hulegea. Haliisukumi dawa kwenda kwenye utumbo, na kule ndiko inakonyonywa. Kidonge kinakaa tumboni saa nzima, na mtu akitapika kinatoka kikiwa bado kina umbo lake. Hii ndiyo sababu kuu ya dawa sahihi kutofanya kazi, na tiba yake ni saa ya kuimeza. Meza dozi kamili ndani ya nusu saa ya kwanza, maumivu yakiwa bado madogo. Anayevumilia mpaka alale chini gizani amechelewa, hata kama anachomeza ni dawa bora kuliko zote. Wale ambao kichefuchefu huwajia mapema wamwombe daktari metoklopramidi ya miligramu 10, inayoamsha tumbo na kuzuia kutapika. Inaweza, hasa kwa vijana, kukaza misuli ya shingo na taya, kwa hiyo si ya kuzoea.

Kisha hesabu siku. Hesabu siku ulizokunywa dawa, siyo idadi ya vidonge. Parasetamoli tupu, aspirini au ibuprofeni zikifika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe zinaanza kuleta kichwa. Kwa dawa zenye kafeini na mchanganyiko, sumatriptani, ergotamini na tramadoli, kiwango ni siku 10 tu. Mtu wa aina hii huamka na kichwa karibu kila asubuhi, dawa inampa nafuu ya saa chache, kisha kinarudi. Dawa ikiachwa hali huwa mbaya kwanza, kwa kawaida siku 2 hadi 10, kabla ya kutengemaa, na wengi hukata tamaa katikati ya siku hizo. Anayetumia tramadoli asiache peke yake, amwone daktari. Ukijiwekea mpaka wa siku mbili kwa wiki, hutafika huko.

Vichochezi, na daftari la shilingi chache

Bidhaa yenye faida kuliko zote katika tathmini hii haiuzwi duka la dawa. Ni daftari la shule. Piga mistari upate safu saba: tarehe, saa kichwa kilipoanza, saa kilipoisha, dawa na saa ulipoimeza, saa za usingizi wa usiku uliopita, mlo uliochelewa au kurukwa, na siku ya hedhi kwa mwanamke. Jaza kwa wiki nane bila kubadili chochote kwenye maisha yako. Ukianza kwa kujinyima vitu hutajua kilichosaidia.

Ubongo wenye kipandauso hauvumilii mabadiliko. Kulala kidogo kunauchokoza, na kulala hadi saa nne asubuhi siku ya Jumapili kunauchokoza vilevile. Njaa ni kichochezi cha kweli: mtu anayetoka nyumbani na chai kavu akala tena saa tisa alasiri ataona kwenye daftari lake mwenyewe safu ya mlo ikifuatana na safu ya kichwa. Kwa wanawake, siku mbili kabla ya hedhi hadi siku ya tatu ya hedhi ndizo siku za hatari, kwa sababu estrojeni, homoni ya kike, inashuka. Mashambulio ya siku hizo huwa marefu na sugu, na mwenye mzunguko usioyumba anaweza kuandikiwa naproksini, dawa ya jamii ya ibuprofeni, ya siku chache akaanza kuitumia kabla kichwa hakijafika. Mwangaza nao: bati jipya linalorudisha jua, na zaidi mwanga unaokatwakatwa na miti mtu akikaa dirishani kwenye basi. Harufu pia, petroli, manukato makali, moshi wa udi ndani ya chumba kilichofungwa. Pombe, hasa mvinyo mwekundu. Na msongo wa mawazo, ingawa mara nyingi kichwa huja siku unapoisha, mitihani imekwisha au harusi imepita, na watu wanashangaa kwa nini sasa.

Kichochezi kimoja mara nyingi hakitoshi. Usingizi mfupi peke yake unapita salama. Usingizi mfupi, ukaruka mlo, siku ya kwanza ya hedhi, hapo kichwa kinakuja. Ndiyo sababu mtu anakula kitu kilekile mara tisa bila shida, mara ya kumi anaumwa na kukilaumu.

Chokoleti inastahili kutetewa. Saa nyingi kabla ya maumivu, hata siku nzima, shambulio huwa limeshaanza kimyakimya: mtu anapiga miayo, shingo inakaza, anakojoa mara nyingi, anakuwa mkali bila sababu, na anatamani vitu vitamu. Anakula chokoleti, saa chache baadaye kichwa kinauma, chokoleti inapewa kosa. Tamaa ile ilikuwa dalili ya shambulio lililokwisha kuanza. Ni vivyo hivyo kwa mwanga uliokuudhi kabla ya maumivu. Ukishazijua dalili hizo za awali una faida kubwa: ule, unywe maji, uweke dawa karibu.

Mwezi wa Ramadhani unakusanya vichochezi vitatu kwa siku moja: njaa, usingizi uliokatwa na daku, na kahawa iliyokosekana. Njaa haiondoleki, ila kahawa inaondoleka. Kuanzia Shaaban punguza kikombe kimoja kila siku tatu mpaka ubaki na kimoja au usibaki na chochote, na siku za kwanza za mfungo hazitakuwa na kile kichwa cha alasiri. Daku lisirukwe, na liwe na kitu kinachokaa tumboni, maharage, mayai, uji wa nafaka nzima. Mwenye mashambulio makali ya mara kwa mara azungumze na daktari wake mapema kabla mwezi haujaandama.

Barafu, mafuta ya kuchua na miwani

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwenye kisogo au kipaji kwa dakika 15, inapunguza maumivu kwa wengi na haina gharama. Mafuta ya kuchua yenye mentholi yanawafaa baadhi. Kwa wanaochokozwa na harufu yanaongeza kichefuchefu. Miwani ya jua nje ni sawa. Ukiivaa ndani ya nyumba kila siku macho yanazoea giza na mwanga wa kawaida unaanza kukuchoma zaidi.

Mashambulio yakizidi siku nne kwa mwezi

Hapo dawa za kaunta zimeshafika mwisho wake, na mtu anahitaji kinga ya kila siku. Propranololi, iliyopo hata kwenye hospitali za wilaya, huanzwa kwa kawaida miligramu 40 mara mbili kwa siku na kupandishwa taratibu. Mwenye pumu hapewi. Amitriptilini ya miligramu 10 hadi 25 usiku inamfaa hasa asiyelala vizuri, na kinywa kikavu na usingizi wa asubuhi hupungua baada ya wiki kadhaa. Valproati, dawa ya kifafa inayotumika pia kama kinga ya kipandauso, isitumiwe na mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa sababu humdhuru mtoto tumboni. Na mwanamke mwenye kipandauso kinachotanguliwa na miale au ganzi asitumie vidonge vya majira vyenye estrojeni, kwa kuwa hatari ya kiharusi inapanda. Amweleze muuguzi wa uzazi wa mpango kuhusu miale hiyo hata kama hakuulizwa, apewe njia isiyo na estrojeni.

Dawa ya kinga ipewe wiki sita hadi nane kwenye dozi kamili kabla ya kuihukumu, na mizani ni lile daftari. Mashambulio manane yakishuka hadi manne, dawa imefanya kazi. Propranololi isikatishwe ghafla hata mtu akijisikia mzima. Hupunguzwa kidogokidogo, kwa wiki kadhaa, chini ya aliyeiandika.